Anwani ya Duara la Nne

Mimi ni mwalimu wa hisabati hapa Kalangalala, na niseme mapema kwamba si mtu wa kutishika ovyo. Panya akiingia darasani, ni mimi ninayemfukuza. Haya ninayosimulia yalimpata Herman, mdogo wangu wa tumbo moja, fundi wa mitandao. Yalianza asubuhi ya kawaida kabisa. Alikunywa chai kwangu, akafunga viazi vya kiporo kwenye mfuko, akaondoka.

Alikuwa anakwenda kwenye mgodi mdogo upande wa Masumbwe. Mgodi ule ulikuwa na maduara manne, yaani mashimo ya kuchimbia, na chini ya kila duara kulikuwa na simu ya waya ya kuzungumza na ofisini. Zamani kila simu ilikuwa na kompyuta yake ndogo pale juu, yenye anwani yake ya mtandao. Radi ikaziunguza zote. Bosi, mkono wa birika yule, akanunua seva moja yenye kadi moja ya mtandao, akamwambia Herman ajue mwenyewe la kufanya.

Kwa Herman hilo halikuwa tatizo. Alinieleza kwamba unaipa kadi moja anwani zote za zile kompyuta za zamani, na simu za chini hazitajua kama kuna kilichobadilika.

"Ni kama wewe, dada," alisema. "Shuleni mwalimu Salome, hapa mtaani Mama Wema. Mwili mmoja, lolote utakaloitwa unaitika."

Nikamwambia aache maneno, atachelewa gari.

Tatizo lilikuwa duara la nne. Liliporomoka mwezi wa tatu, likamfunika kijana wa Samuye aitwaye Masalu, na mwili haukupatikana. Wachimbaji walilizungushia miiba. Kwao, aliyebaki chini lazima kwanza aitwe na mama yake, pale mdomoni mwa shimo, kondoo akiwa amechinjwa. Akiitwa mara tatu kukawa kimya, ndipo matanga yanaanuliwa. Kabla ya hapo hakuna kumfungulia njia yoyote. Na mama yake, Paskazia, alikuwa amekataa kwa miezi minane. Alisema kumwita ni kukubali kwamba amekufa.

Msimamizi wa maduara, mzee Mageni, alisimama nyuma ya Herman akimtazama anavyoingiza anwani. Ilipofika anwani ya nne akamwomba aiache. Herman tangu utoto hapendi pengo kwenye orodha. Akacheka, akasema hiyo ni namba tu, na waya wake ulishakatwa na mwamba. Akaiandika, akabonyeza.

Saa sita mchana, jua la utosini, wachimbaji wote walikuwa juu wanakula. Simu ya ofisini ikalia. Kwenye kioo chake pakaandikwa duara la nne.

Herman akapokea. Alisikia moko, ile patasi ya wachimbaji, ikigongwa taratibu. Ko. Ko. Ikanyamaza. Sauti ikanong'ona.

"Kuna mtu?"

Sasa, fundi ni fundi. Kila simu anayoijaribu huijibu vilevile, bila kufikiri.

"Yupo. Herman hapa."

Upande wa pili mtu akashusha pumzi, kama anayetua mzigo. Simu ikakatika.

Aliifuta ile anwani. Orodha ikabaki na tatu. Akaiita kwa kompyuta yake ya mkononi, maana anwani iliyo hai huitika, na iliyokufa hukaa kimya. Ya nne ikaitika. Akachomoa waya. Ikaitika. Akazima seva kabisa. Ikaitika, tena upesi kuliko mwanzo. Alisema ilikuwa kana kwamba kinachojibu kimesogea karibu.

Alinieleza haya jioni, kwa kunong'ona, ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nikamwambia ni uchovu. Mungu anisamehe.

Kesho yake nilimwita kutoka jikoni. Hakuitika. Nikaita tena. Alikuwa amekaa hatua nne kutoka nilipo, macho wazi. Hakugeuka. Nilipomshika bega ndipo akanitazama, kwa upole, kama mtu aliyedhani anaitwa mwingine. Viganja vyake, ambavyo havijawahi kushika hata jembe, vilikuwa na sugu.

Hapo niliogopa, na si kidogo. Nilikuwa nampoteza ndugu yangu huku nikimwangalia. Nikampigia Mageni. Akasema njia ni moja tu, mama amwite mwanawe, mlango ufungwe. Akaenda Samuye mwenyewe, akarudi na Paskazia.

Tulisimama na Herman kwenye ile miiba mchana. Kondoo alichinjwa. Paskazia, mama mwembamba aliyejifunga kanga mbili, akainama juu ya shimo.

"Masalu."

Kimya.

"Masalu."

Kimya. Mageni akaniashiria kwa kichwa kwamba ni sawa. Kimya ndicho tulichokifuata. Mara ya tatu aliita kwa sauti ndogo, kama anayemwamsha mtoto.

Nyuma yangu Herman akaitika.

"Mayu."

Hivyo ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama. Sisi ni Wahaya wa Muleba, na Herman hakuwahi kujua Kisukuma, hata cha kusalimia. Paskazia akageuka. Akamtazama usoni kwa muda mrefu, sijui aliona nini. Akamkumbatia, akalia, akasema maneno ambayo Mageni alikataa kunitafsiria.

Herman yuko Samuye sasa. Analima, anachunga, anaongea Kisukuma safi. Nilimfuata. Akanipa shikamoo ya adabu, ile ya mgeni, akaniuliza nimetokea wapi. Paskazia alinipikia wali na kuku, lakini hakuniangalia machoni. Ningekuwa yeye, ningemrudisha? Sijui, na hilo linaniuma kuliko yote.

Wiki iliyopita Mageni aliniita mgodini. Seva ilishaondolewa. Simu ilikuwa juu ya meza tupu, haina waya. Saa sita mchana ikalia. Mageni akaniwekea simu sikioni, na kwa mkono wa pili akaniziba mdomo.

Ko. Ko.

Kisha mtu akanong'ona kwa Kihaya. Alitaja jina langu la utotoni, ambalo tangu mama afariki amebaki mmoja tu anayelijua. Aliniuliza kama nipo.

Mageni anasema huwa anaita kila siku, saa ileile. Mimi ni dada yake, na bado sijaitika.