Ndimu Juu ya Meza ya Vigae

Kila asubuhi, kabla ya kukamua ndimu ya kwanza, muuza juisi husimama kibandani mbele ya meza yake ya vigae na kufumba macho. "Ee Mungu, bariki mikono hii na wote watakaokunywa." Kisha kisu huanza kazi.

Mumewe huitwa Najua, maana ukimweleza lolote, hujibu, "Najua." Vigae vya meza ile alivipanga mwenyewe, na alijivunia sana.

Lakini asubuhi moja Najua alipiga magoti, pua karibu iguse meza. Grauti, ule mchanganyiko wa saruji unaojaza mianya kati ya vigae, ilikuwa imelika tena. Mianya imekuwa mifereji myeusi. Sisimizi wawili walipita humo kama wako kwao.

"Hii mara ya tatu," mkewe alisema. "Na bwana afya anarudi baada ya wiki mbili. Akikuta hivi, anafunga kibanda."

"Wewe unasugua kama unafua jinzi!"

"Na wewe unajaza kama unapaka siagi!"

Kelele zikamleta jirani yao, mwanamke fundi wa vigae, rafiki wa mkewe tangu utotoni. Alikwangua chembe ya grauti, akaiweka kwenye kisahani, akaikamulia ndimu. Vipovu vidogo vikapanda.

"Inachemka!" Najua alishtuka.

"Inaliwa, shemeji. Ndimu inakula saruji. Kila siku inamwagika, kila siku inakula kidogo." Akamgeukia rafiki yake. "Na wewe, jioni unasafishia nini?"

Muuza juisi akatazama chini. "Maganda ya ndimu. Yanang'arisha."

Fundi akacheka mpaka akashika kiuno. "Basi nyote mna kesi! Hapa panataka grauti ya epoksi. Inakuja na vitu viwili, gundi na kigumishi. Ukivichanganya inakuwa ngumu, hainywi maji wala mafuta, na ndimu haiiwezi."

"Najua," alisema Najua.

"Vizuri. Unaongeza maji kiasi gani?"

"Kidogo tu."

"Hata tone! Ukitia maji umeiharibu."

Najua akakohoa. Kisha akasema, "Basi tuweke nyumba nzima. Mpaka sebuleni."

"Sebuleni mnakamua ndimu?"

"Hapana."

"Basi huko grauti ya saruji inatosha. Bei yake nafuu, na ni rahisi kuipaka. Epoksi iweke panapomwagika vitu vikali na mafuta."

Kesho yake kazi ikaanza. Walikwangua grauti ya zamani, wakafagia vumbi, wakaacha meza ikauke kabisa. Walifungua madirisha, wakavaa glavu. Najua alisoma maelezo ya kwenye kopo kwa sauti, neno kwa neno, na fundi akapima kama yalivyosema. Walichanganya kidogo kidogo, kwa sababu epoksi hukauka haraka. Fundi alijaza, Najua akafuta nyuma yake kwa sponji.

Mpita njia akamwuliza Najua kuhusu mpira wa jana. Najua akanyoosha mgongo ajibu.

"Futa kwanza!" fundi alifoka. "Ikikauka hapo, utaitoa kwa patasi."

Najua akainama haraka. Mpira ukasubiri.

Maelezo ya kopo yalisema meza ipumzike siku saba, epoksi ikomae kabisa. Muuza juisi alikamulia ndimu kwenye meza ya plastiki, na kila asubuhi aliombea mianya ile.

Siku ya ukaguzi ilipofika, bwana afya alipitisha ukucha kwenye kila mstari. Haukukwama. Akapewa glasi ya juisi, na alipogeuka kuchukua kalamu, kiwiko chake kikaigonga. Juisi ya ndimu ikatapakaa mezani.

Muuza juisi akaruka na kitambaa. Najua akamshika mkono.

"Iache kidogo, mke wangu."

Walisubiri. Bwana afya akamaliza glasi ya pili. Ndipo Najua akafuta kwa maji na sabuni. Mistari ilikuwa mizima, safi kama siku ya kwanza.

"Asante, Mungu wangu," mkewe alinong'ona.

Bwana afya akatia saini. "Kazi nzuri. Mmefanyaje?"

Muuza juisi akamtazama Najua, akingojea lile neno lake.

"Sikujua," Najua alisema. "Nilifundishwa. Ngoja nimwite fundi akueleze."