Simama Chini ya Sanduku Lako

Kila siku akitoka shule, Pilipili alipitia karakana ya shangazi yake na kufagia takataka nyeupe za plastiki zilizojaa chini ya msumeno. Jina hilo alipewa kwa sababu ya hasira zake. Ukimkanyaga kidole tu, mtaa mzima ulipata habari.

Siku hiyo alifagia kwa fujo, vumbi likatimka.

"Ufagio umekukosea nini?" aliuliza Kasuku, binti wa Shangazi, ambaye naye hakupewa jina lake bure: mdomo wake haukupumzika.

"Msimamizi wa jengo! Amemfokea Bibi kama mtoto mdogo!"

Bibi yao aliishi ghorofa ya kwanza, na miguu ilikuwa imemgomea. Bustani yake yote ilikuwa sanduku moja la mbao nje ya dirisha, lenye maua mekundu aliyoyasemesha kila asubuhi. Mvua ziliozesha mbao hizo, na juzi kitako kikabomoka. Udongo ulianguka hatua moja tu kutoka kwa mama aliyebeba mtoto mgongoni. Msimamizi akasema atakuja Jumamosi kukagua. Asipoona sanduku imara, Bibi asahau maua dirishani.

"Tutengeneze jipya, la plastiki," alisema Pilipili. "Nataka nimwone akikosa la kusema!"

Shangazi aliwapa mbao za plastiki. "Hizi haziozi, haziliwi na mchwa, wala hamtazipaka rangi kila mwaka. Lakini gundi peke yake haibebi udongo uliolowa. Tieni skrubu kila kona, tieni kwenye kitako, na mtoboe matundu ya kutolea maji. Sheria yangu mnaijua."

Waliijua. Katika karakana ile, aliyetengeneza sanduku alisimama chini yake siku linapomwagiwa maji kwa mara ya kwanza. "Ukiogopa kusimama chini yake," Shangazi alizoea kusema, "usimtundikie mwenzako."

Kasuku alikata mbao na kutoboa matundu. Pilipili alishika gundi na skrubu, lakini mawazo yake yote yalikuwa kwa msimamizi. Kila alipoikumbuka sauti yake, mori ulimpanda. Skrubu ya kwanza ya kitako ilikwenda upande. Ya pili ikakatika kichwa. Akazing'oa zote mbili, akaibwaga bisibisi mezani.

Gundi ilikuwa imeshakauka, na kitako kilionekana kushika vizuri. Kwa kawaida vichwa vya skrubu vilizibwa kwa puti nyeupe visionekane. Basi Pilipili akapaka vitone vya puti pale ambapo skrubu zilitakiwa kuwa, akavilainisha kwa kidole.

"Kitako kimetiwa skrubu zote?" aliuliza Shangazi.

"Zote!" Pilipili alijibu kwa ukali, kana kwamba kuulizwa tu ni matusi.

Jumamosi Shangazi alilifunga sanduku ukutani kwa bolti, akajaza udongo na maua. Pilipili alisimama dirishani na jagi la maji, Bibi akiwa kando yake kwenye kiti. Msimamizi alikuwa mtaani, uso ameukunja. Kasuku alishuka ngazi mbio, akasimama chini ya sanduku huku akipiga soga.

Pilipili aliliweka jagi chini. "Kasuku, toka hapo!"

"Sitoki! Mimi pia nimelitengeneza!"

"Toka, nasema!"

"Kelele zako tumezizoea!" Kasuku akamtolea ulimi. Hata Bibi alicheka.

Pilipili alikasirika kupita siku zote, na safari hii alijikasirikia mwenyewe. Kwa miaka yote alikuwa akifoka kwa mambo ya kipuuzi, na sasa alipofoka kwa jambo la kweli, hakuna aliyemsikiliza.

"Kitako hakina skrubu!" alilia. "Nilipaka puti tu! Nilidanganya!"

Kasuku aliruka pembeni.

"Mlitaka kuua mtu!" msimamizi alinguruma. "Literemsheni sasa hivi!"

Shangazi aliliteremsha, akakibonyeza kitako kwa kiganja. Kona ikaachia, udongo ukamwagika sakafuni.

"Mwanangu alikuwa chini ya hili," alimwambia Pilipili. Alisema polepole, na upole huo ulitisha kuliko makelele. Kisha akainama dirishani. "Ndugu msimamizi, tupe mpaka kesho jioni."

"Kwa nini niwape?"

"Kwa sababu amesema mwenyewe, mbele yako."

Msimamizi alisonya. "Kesho jioni. Basi!"

Kasuku alinuna njia nzima ya kurudi karakana, ila kazi ilipoanza alimshikia Pilipili ubao. Pilipili alitoboa kwanza kwa drili, ndipo akatia skrubu moja moja. Hasira ilipompanda, aliweka bisibisi chini mpaka imtoke.

Jumapili jioni, msimamizi akitazama kutoka mtaani, Shangazi alilifunga tena sanduku ukutani, akalivuta kwa nguvu zake zote, lisitikisike. Pilipili akashuka peke yake na kusimama chini. Kasuku alimimina maji bila huruma. Yakapita kwenye matundu, yakamdondokea Pilipili kichwani, meusi kwa udongo. Kitako hakikuachia.

Msimamizi aliziba mdomo asionekane akicheka. "Likae," alisema.

Shangazi alimletea Pilipili taulo. "Kumkasirikia aliyemwonea bibi yako si kosa," alisema. "Kosa ni kuiachia hasira ifanye kazi ya mikono yako, kisha uongo uifunike. Siku nyingine nikikuuliza kama ni zote, ziwe zote."

"Zote, Shangazi," alijibu Pilipili. "Utazihesabu mwenyewe kabla sijaziziba kwa puti."