Nani Anafungua Mfuko wa Karanga?

Mimi ni fundi cherehani. Chumba cha mbele ni karakana yangu. Vyumba vya nyuma ndipo tunapoishi. Asubuhi nafagia vipande vya nyuzi, natia cherehani mafuta, kisha nafungua mlango wa wateja.

Binti yangu ana miaka ishirini na mmoja. Yeye hushona vifungo na mapindo kwa mkono. Ana mkono mwepesi kuliko wangu, ingawa sikuwahi kumwambia. Tulimwita Sindano. Alipokuwa mdogo alikuwa mwembamba sana, na jina likamganda.

Wa tatu nyumbani ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Alikuja kukaa nasi miezi mitatu iliyopita.

Basi, chakula kikaanza kutoweka.

Kwanza ulikuwa mkate. Nanunua mzima asubuhi, mchana nakuta kipande cha mwisho tu. Halafu biskuti za wateja. Halafu sukari. Nilimshuku paka wa jirani. Lakini paka hafungui kopo la sukari, akala, akalifunga tena vizuri.

Nikamgeukia wifi. Kila alichofanya kilinitia shaka. Akikohoa jikoni, nasimamisha cherehani nisikilize. Alikuwa na mkoba mweusi ambao haachani nao hata akienda msalani. Mkoba wa nini msalani? Nilijiuliza hilo kutwa nzima, mpaka nikashona mfuko wa shati juu chini.

Sindano sikumfikiria hata mara moja. Asubuhi alisema hana njaa. Mchana alikunywa chai tupu. Jioni alidonoa vijiko viwili vya wali, akasukuma sahani. "Huyu mtoto hali," niliwaambia wateja, tena kwa majivuno.

Siku moja nilitega mtego wa kifundi. Nilichukua mfuko wa karanga, nikaushona mdomo kwa uzi mweusi. Kisha nikaenda kupeleka nguo za mteja. Niliporudi, mfuko ulikuwa umeshonwa vilevile. Nikauinua. Ulikuwa umepungua nusu!

Sikungoja. Nilimfuata wifi ukumbini.

"Wifi, ukiwa na njaa si useme tu?"

"Njaa gani?"

"Karanga zimekwenda. Mfuko niliushona. Mtu ameufumua, amekula, ameushona tena."

 Wifi alichukua mkoba wake na kuumwaga mezani. Zilidondoka chupa mbili za dawa ya macho, leso, kitana na kitambulisho.

"Haya, tafuta karanga zako," alisema. "Mimi macho yamekufa, wifi. Hata kutunga uzi siwezi. Ningeushonaje mfuko wako? Kesho naondoka. Siwezi kukaa nyumba ninayohesabiwa matonge."

Sindano alikuwa amesimama mlangoni na shati la mteja mkononi. Akarudi kwenye vifungo vyake.

Nilirudi jikoni na kuuangalia mfuko vizuri. Mishono yangu hulalia kulia. Hii ilikuwa imelalia kushoto. Katika nyumba yetu, anayeshona kwa mkono wa kushoto ni mmoja tu.

 Kule karakana, chini ya meza ya kukatia, kuna gunia la mabaki ya vitambaa. Nikaenda, nikatia mkono mpaka chini. Nilitoa karatasi za biskuti, mifuko ya mkate na maganda ya karanga.

"Ni mimi, Mama," sauti ilisema nyuma yangu.

Sindano alikaa sakafuni na kulia.

"Ukitoka tu, na shangazi akiwa chumbani kwake, naingia jikoni," alisema. "Najiambia nitakula kiganja kimoja. Lakini nikianza, siwezi kuacha. Nakula haraka, hata ladha siisikii. Tumbo linauma, na bado nakula. Nikimaliza najichukia. Naapa kesho sitakula kitu. Kesho mchana njaa inanizidi, mambo yanakuwa yaleyale."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Ukinipima, unatangaza inchi za kiuno changu mbele ya wateja. Unasema, 'Sindano imekuwa mkasi!' Watu wanacheka. Nami nacheka. Kisha naenda kula."

Ni kweli nilisema hivyo, na si mara moja. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Lakini, nisiwafiche, bado sikumwelewa. Nilidhani ni uroho tu, na kwamba dawa yake ni kufuli. Nikalitia kwenye kabati la chakula asubuhi iliyofuata.

Asubuhi hiyohiyo alikuja muuguzi wa kituo cha afya kujaribu sare yake. Alikwenda jikoni kunywa maji, akaliona kufuli.

"Fundi, siku hizi mnafuga simba kabatini?"

Nilimtazama binti yangu kwanza. Akaitikia kwa kichwa. Basi nikamweleza muuguzi yote.

"Huu si uroho," muuguzi alisema. "Wala si wizi. Ni ugonjwa, na unatibika. Mtu anakula chakula kingi kwa muda mfupi, anashindwa kujizuia, kisha anaona aibu na kujificha. Wanaupata wanawake na wanaume, wanene na wembamba."

"Basi afunge siku mbili tatu, tumbo lipumzike," nilisema.

"Hapo ndipo mnapokosea! Ukiunyima mwili chakula asubuhi na mchana, utakidai kwa nguvu. Ale kwa wakati. Asubuhi, mchana na jioni, na kitu kidogo katikati. Asiruke mlo, hata kama amezidisha muda mfupi uliopita."

"Na kufuli?"

"Litoe. Utamfundisha kujificha zaidi. Na maneno ya kiuno na mwili, yaacheni, hata ya utani."

Akamgeukia binti yangu. "Hamu ikikujia, jiulize kwanza. Ni njaa? Ni huzuni? Ni hasira? Ni upweke? Usikae peke yako. Kesho njoo kituoni, kuna mshauri wa kuzungumza naye. Je, umewahi kujitapisha, au kunywa dawa za kuharisha?"

"Hapana, Dada."

"Vizuri. Ukishawishika kufanya hivyo, au ukiona maisha yamekuchosha, usingoje. Njoo siku hiyohiyo."

Muuguzi alipoondoka, tulisikia sanduku likiburutwa. Wifi alikuwa anatoka. Binti yangu alinitangulia, akasimama mbele ya mlango.

"Shangazi, karanga nilikula mimi. Jana ulisingiziwa, nami nikanyamaza. Nisamehe."

Wifi alimshika bega. Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe?"

 "Nilikukosea, wifi. Nilikuchunguza kama mwizi ndani ya nyumba ya kaka yako. Nisamehe."

Aliliachia sanduku. "Nitakaa," alisema. "Lakini leo unapika wewe, na mimi nakaa tu."

Tangu siku hiyo, saa ya kula cherehani inanyamaza. Tunakaa mezani wote watatu. Wateja nawapima nyuma ya pazia na kuandika vipimo kimyakimya. Jina la Sindano tuliliacha. Binti yangu anakwenda kwa mshauri kila wiki. Mwanzoni alikula asubuhi kwa shida, kama anayemeza dawa. Baada ya mwezi, alianza kuuliza mwenyewe kama chai iko tayari. Siku za kujificha zikapungua.

Kupona kwangu kulichelewa zaidi. Niliendelea kuukodolea mkate macho, nikajizuia kwa shida nisihesabu vipande.

Wiki iliyopita nilitoka kupeleka sare za shule. Niliporudi, binti yangu alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha karakana, ananingoja.

"Mama, leo nimekula mkate mzima. Mteja wa gauni la kijani alinigombeza, nikaenda moja kwa moja jikoni."

Ulimi uliniwasha. Niliuzuia. Nilikaa kando yake.

"Tumbo linauma?"

"Linauma. Nilitaka kuficha mfuko wa mkate. Halafu nikaona nikungoje nikuambie."

Nikamshika mkono. Tulikaa hivyo mpaka akatulia, akanieleza maneno yote ya yule mteja.

Wifi alichungulia kutoka jikoni.

"Chakula cha jioni kiwe saa ngapi?"

Nilimtazama binti yangu. Zamani, siku kama hii, angesema hana njaa.

"Saa ileile, Shangazi," alijibu. "Na sahani yangu mniwekee."