Zamu ya Darubini

Mchana wa watu wengi, katika duka la kusafisha picha la Moi Avenue, bahasha za picha zilibadilishana. Nyakio, karani wa Upper Hill, nadhifu katika sketi yake ya buluu, alifungua yake akakuta picha za ndege tai tu. Kijana mrefu mwenye jaketi la kijani, Mungai, alikuwa ameshika picha za harusi ya binamu yake Nyakio.

"Bibi arusi wenu ni mrembo," Mungai akamtania, "lakini hana kucha kama za wangu."

Hapo ndipo walipoanza kupendana, na mapenzi yakawa matamu siku zote isipokuwa Jumamosi. Siku hiyo Mungai alikuwa akishinda Msitu wa Ngong na Caren, mwenzake wa kutazama ndege mwenye darubini, wakichunguza kiota cha tai.

"Uko wapi, mpenzi?" Nyakio alikuwa akiuliza kwa simu kutoka nyumbani Uthiru.

"Kiotani, na Caren. Nitakupigia, tai amesogea."

Jumamosi moja Nyakio alichoka. Alilibeba jaketi la kijani, ambalo Mungai alimvika siku ya mvua, amrudishie na mambo yaishe. Huko msituni akamkuta Mungai jicho limeganda kwenye darubini, na Caren anamega chapati akimtia mdomoni.

"Naona unalishwa vizuri," Nyakio akasema.

Mungai hakugeuka. Hilo lilimuuma zaidi. Ni Caren aliyeinuka, akampisha kwenye kigoda, akammiminia chai kabla ya kujimiminia.

"Kunywa, dadangu, kuna baridi. Mwenye zamu haondoi jicho, hata akila. Tangu Januari tunangoja kuona tai akiwinda."

"Kwani hana mikono?"

"Inazungusha darubini."

"Basi leo zamu ni yangu."

Mungai akainuka, akamwachia darubini.

Nyakio aliinama na hasira zake. Tawi, majani, kima mdogo akitafuna tunda. Ghafla kivuli kikashuka bila sauti, majani yakatawanyika, na tai akapaa na kima kwenye kucha zake, kuelekea kiotani, ambako kinda lilikuwa limeachama.

"Maskini," Nyakio akanong'ona. "Mungai, umeona?"

"Sikuona."

"Si umengoja tangu Januari?"

"Nilikuwa nakuangalia wewe, Kio. Na hilo jaketi umelikunja. Umekuja kunirudishia?"

Nyakio alilivaa, akafunga zipu hadi shingoni, jicho bado darubinini.

"Nina njaa," akasema. "Caren, mpe chapati anilishe."