Maji ya Moto ya Mchana

Kila jioni Mama Povu aliwasha pampu ya joto. Jina hilo alipewa kwa sababu ni dobi, mikono haimkauki sabuni. Yeye na mumewe walifua mashuka ya hospitali. Pampu yao, kubwa kama chumba, ilikaa nyuma ya nyumba. Ilivuta joto la hewani na kulitia kwenye maji.

Shida ilikuwa umeme. Pampu ikianza tu, taa za mtaa zinafifia. Majirani nao wanapika, wanapiga pasi. Mara giza. Mashine zinasimama na mashuka yamo ndani, yamejaa povu. Jirani yao kinyozi alishamwacha mteja amenyolewa nusu kichwa.

Sasa muuguzi mkuu alikuwa ametoa neno la mwisho: mashuka yakichelewa tena, kazi inakwenda kwa dobi mwingine. Mama Povu hata chakula kilimshinda.

Mumewe akamwita rafiki yake, fundi wa shirika la umeme. Fundi aligonga tangi la maji, lililovikwa kitambaa kinene cha kuzuia joto lisitoke. Akauliza kwa nini hawapashi maji mchana.

“Yalale mpaka jioni?” Mama Povu alishangaa. “Maji ya moto yakilala yanachacha. Hayatoi doa.”

Mumewe akasema mkewe hata chai ya kwenye chupa haiamini. Akakatwa jicho.

“Shemeji, maji si uji,” fundi alisema huku akicheka. “Sikiliza. Mchana jua ni kali, paneli za sola za shirika zinatoa umeme mwingi, watumiaji wachache. Jioni jua limezama, kila mtu anautaka. Umeme si rahisi kuuweka akiba. Joto ni rahisi, na ghala lake ni hili tangi.”

Akaeleza kuwa shirika litafunga kifaa kidogo. Umeme ukiwa mwingi, kitaiambia pampu ifanye kazi. Ukipungua, kitaiambia isubiri.

“Na maji yakipoa, mashuka yangu je?”

“Yakipoa kupita kiasi, pampu itawaka. Hatukuachi na povu.”

Mama Povu alikubali kujaribu, uso umemkunjamana kama amelamba ndimu.

Kifaa kikafungwa. Mchana pampu ilinguruma. Jioni ikawa kimya. Mama Povu alifungua bomba, akatia kidole, akakitoa mbio. Akaanza na shuka lenye madoa kuliko yote, ili amuumbue fundi. Likatoka jeupe. Aliligeuza huku na huku, akakosa hata la kusingizia. Na taa zilikuwa zinawaka vilevile, mtaa mzima.

Asubuhi mashuka yalifika hospitali mapema, yamekunjwa vizuri. Muuguzi mkuu aliyapapasa, kisha akauliza kama wanaweza kufua na mablanketi. Mama Povu alikubali kabla hajamaliza kuulizwa.

Njiani mumewe alinung'unika: kazi yote hiyo, watapumzika lini?

“Jioni tukishafua,” mkewe alijibu, “pamoja na pampu.”