Zamu ya Kutangulia

Kitu cha kwanza kilichomtia Elkanah wasiwasi ni kwamba yule jamaa aliyekuwa mbele yake hakuwa anahema. Kilomita arobaini za milima ya Gwassi, kupanda na kushuka tangu alfajiri, halafu mtu hahemi? Shati lake lilikuwa kavu kabisa. Tena alinuka udongo mbichi, kama wa kaburi lililochimbwa asubuhi.

Lakini ukungu ulikuwa umefunika njia, na Elkanah alihitaji mtu wa kufuata. Alikuwa amemwahidi mkewe, Dorine, kwamba mbio hizi za mwaka wa tisini na sita ndizo zake za mwisho. Dorine alikuwa akimngoja huko chini Magunga na mimba ya miezi tisa, na Elkanah alitaka kumfikia kuliko alivyotaka kushinda.

"Ndugu yangu," jamaa akasema polepole bila kugeuka, "nimekukinga upepo muda mrefu. Shika zamu."

Wakimbiaji wana adabu yao: ukikingwa upepo, nawe unakinga. Anayekwepa zamu ni mwizi tu. Elkanah, mtu wa watu, akapita mbele bila kuuliza.

Nyuma yake akasikia mtu akipiga magoti na kulia kwa furaha. "Nisamehe, jamani. Jini wa huu mlima humshika anayetangulia. Mimi nimekimbia tangu themanini na mbili."

Elkanah akataka kusimama, miguu ikakataa. Akajitupa kwenye nyasi, miguu ikamwinua. Akapita jiwe jeupe lenye ufa, akashuka, akavuka kijito, akapanda, na hapo juu palikuwa na jiwe lile lile jeupe lenye ufa, akalipita tena, na tena, kitu kikimpumulia shingoni na kucheka taratibu kila alipolitaja jina la Dorine, mpaka akaacha kulitaja, mpaka asijue kama ni saa moja imepita au siku nzima, akajua tu kwamba sasa hata yeye hahemi tena. Aliogopa, akalia kama mtoto.

Kisha akasikia viatu nyuma yake, na pumzi za mtu aliyechoka.

"Omera, ndugu yangu, ni wewe?" Ilikuwa sauti ya Boaz, mdogo wake wa tumbo moja, aliyeanza naye mbio alfajiri. "Mbona unalia?"

"Rudi, Boaz," akanong'ona. "Usinipite."

"Umechoka, bwana. Umenikinga tangu tukiwa wadogo. Leo wacha nishike mimi."

Njia ilikuwa nyembamba. Angetanua viwiko tu, Boaz asingepita. Akamfikiria Dorine, akamfikiria mtoto ambaye hangewahi kumbeba. Mimi simlaumu, wala simtetei.

Elkanah akasogea kando. Miguu yake ikasimama.

Alipofika Magunga, Dorine alimkumbatia kwa nguvu zake zote, kisha akachungulia nyuma yake.

"Na Boaz je?"

"Sijamwona," akasema.