Rafiki wa Mwanangu Alijifanya Hajui Kucheza

Wasomaji wenzangu, mimi ni mama wa Kamembe, Rwanda, mpakani na Congo, mzee sasa. Nimepita miaka sitini, lakini sawasawa siijui. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa mwaka ule maharagwe yalipoozea shambani, na mwaka huo hakuna aliyeukumbuka ila yeye. Shule niliachia darasa la tatu. Nikikosea, mnisamehe...

Vita ya kwetu ilinichukulia mume na watoto. Hayo siyasemi leo, nikiyaanza sitamaliza. Nilibaki na mmoja tu, Ramadhani. Tulimwita Rama.

Rama alikuwa amefanya kazi Kampala kwa Mhindi muuza vitambaa. Akarudi na Kiingereza, na mashine ya kuchezea michezo kwenye televisheni, na kitabu kimoja. Aah, kile kitabu! Kilikuwa riwaya ya mpelelezi, imetungwa kutokana na mchezo wenyewe uliokuwa ndani ya mashine. Mpelelezi anaingia peke yake kwenye kambi ya bandarini, anakata nyaya, anawanyonga walinzi, anaiba siri ya bomu. Kwenye jalada kuna mwanaume amejipaka masizi usoni. Ukifungua tu, unaona ramani ya ile bandari na mishale kila upande.

Rama akafungua chumba cha mchezo mbele ya nyumba yetu. Vijana wakingoja zamu, yeye anawasomea kitabu, anakigeuza Kiswahili palepale.

Na mimi ndiye niliyekuwa msimulizi wa mtaa! Wanawake walikuwa wanakuja kwangu kuchambua mchele, nawapa hadithi za majini, na ile ya shemeji yangu aliyekimbiwa na mke katikati ya soko la Bugarama (hiyo si hadithi, ilitokea). Sasa wote wakahamia kwa mpelelezi. Niliona wivu, kwa nini niwafiche? Siku moja nikauliza mbele ya watu: "Huyu muntu wako anakulaka saa ngapi? Tangu asubuhi anapanda ukuta tu, hata chai hajakunywa!"

"Maman, iko kazini," Rama akanijibu.

"Hata baba yako alikuwa kazini, na alikuwa anakula!"

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kumbe tulikuwa tunacheka na kifo!

Mwenzake katika kazi ile alikuwa Deo. Deo alikulia Congo, kwenye milima nyuma ya Bukavu, akarudi Rwanda na wazazi wake. Yeye Mkristo, sisi Waislamu, na hilo halikututenga. Mwezi wa kufunga alikuwa anaificha sigara yake kwa heshima yangu. Aliniita Maman, alikula sahani moja na mwanangu. Na kwenye ile mashine hakuna aliyemshinda! Vidole vyake vilikimbia kama vya fundi cherehani. Rama akishindwa, Deo anamwambia, "Rudi kwa mama yako akunyonyeshe kwanza!" Na mimi nimekaa palepale!

Wakati huo vita ya Congo ilikuwa imewaka tena. Mjini Bukavu walitawala askari waliovuka kutoka huku kwetu, milimani walitawala wapiganaji wa porini. Deo akasema kuna soko kule milimani alikokulia, watu hawajawahi kuona mchezo kama ule. Wapeleke televisheni, mashine na jenereta ndogo. Nilikataa. Nililia. Deo akaniambia, "Maman, kule njo kwetu. Mutoto wako nitamulinda."

Wakavuka daraja la mpakani la Rusizi asubuhi. Rama alitia kitabu mfukoni mwa begi, awasomee watu wa kule wakingoja zamu. Jambo moja hatukulijua sisi wa huku... Kule milimani, Kiingereza kilikuwa lugha ya adui. Wale askari waliovuka kutoka huku, wengi walikulia Uganda, walikuwa wakisemezana Kiingereza. Kwetu kilikuwa lugha ya biashara ya vitambaa. Kwao kilikuwa lugha ya kuuawa!

Deo alirudi peke yake, mikono mitupu. Akasema wapiganaji walivamia soko, kila mtu akakimbia kwake, Rama amejificha Bukavu kwa watu, atakuja njia ikitulia. Nikamwamini. Nikamkaangia sambaza, visamaki vya ziwa letu, akala. Kila siku nikapika na chakula cha Rama, nikakifunika kwa sahani. Kikilala, nampa jirani. Nikapika tena...

Halafu akaja Maman Furaha. Huyu anauza sambaza kavu, anazipeleka mpaka masoko ya milimani. Alikaa chini, akavua kitambaa kichwani, na mimi nikajua kabla hajafungua mdomo.

Alikuwepo! Aliona yote! Wapiganaji walifika sokoni mchana, vijana wakatawanyika, wakabaki Rama na Deo kwenye mashine. Wakafungua begi la Rama, wakatoa kitabu. Kikapita mkono kwa mkono, hakuna aliyeweza kukisoma, lakini waliona si Kifaransa. Wakaona ramani. Wakaona mishale. Mkubwa wao akauliza hii ni mipango ya kushambulia wapi?

Rama akasema, "Chef, njo mchezo. Iko hadithi tu. Muniache niwashe, mutaona."

Akawasha... Mungu wangu! Kwenye televisheni mwanaume akatambaa, akamjia askari kwa nyuma, akamvunja shingo. Wapiganaji wakasogea kutazama. Yule mkubwa akasema, "Njo vile banabafundishaka." Yaani, ndivyo wanavyowafundisha.

Kisha akamgeukia Deo, kwa sababu Deo alimsalimia kwa Kimashi, lugha ya milima ile, kama mtoto wa kule. "Na weye, unamujua huyu?"

Deo akasema hamjui, alikuja kutazama tu.

"Basi cheza, tuone."

Wasomaji, uhai wa mwanangu ulikuwa kwenye vidole vya Deo! Angesema: namjua, ni kitu cha kuchezea, huko Kamembe tunacheza kila siku, tazameni hata mimi naweza... Maman Furaha anasema Deo alikishika kile kidude cha kuchezea juu chini. Akauliza abonyeze wapi. Akampeleka mpelelezi ukutani, tena ukutani, tena ukutani, mpaka mlinzi wa kwanza akampiga risasi. Wapiganaji wakacheka, wakampiga Deo mgongoni: "Enda zako, mujinga weye!"

Na Rama alimtazama tu. Neno moja lake lingemvuta Deo naye. Hakulisema! Wakampeleka mwanangu kwenye migomba. Maman Furaha akasikia risasi. Na yeye alinyamaza, lakini alikuwa na mtoto mgongoni... nimemsamehe.

Nilimfuata Deo kijijini Gitambi, kwa mjomba wake. Nikamkuta analima mihogo. Sikumtukana. Nikamuuliza tu, "Ulikishika juu chini, Deo?"

Jembe likamtoka mkononi. "Maman, ningecheza vizuri, tungekufa bawili."

Labda ni kweli. Nimelifikiri neno hilo miaka yote hii, na nikilifikiri naona labda ni kweli. Basi nimchukie nani?

Nikamuuliza tena: na kwangu je, ulimwogopa nani? Kwa nini ulikaa kwenye mkeka wangu ukala? Akainama, akaokota jembe lake. Ningejua siku ileile, ningetuma watu, ningeomba, ningemtafuta mwanangu akiwa bado anaonekana. Nilipojua, soko lile lilikuwa limechomwa, watu wamekimbia, migomba imekatwa. Mpaka leo hakuna anayeweza kunionyesha mahali. Mwanangu hakuoshwa, hakuvishwa sanda, hakuswaliwa. Hadithi sisimulii tena. Watu wameacha kuniomba.

Wazazi wenzangu, mtoto akivuka mpaka wakati wa vita, kagua begi lake, hata karatasi ya kufungia sabuni itoe! Na ninyi vijana, nawapigia magoti. Hofu naijua, siwaambii muwe mashujaa. Lakini ukivuka na mwenzako ukarudi peke yako, nenda kwa mama yake siku hiyohiyo. Mwambie amekufa. Mwambie ni wapi. Usimwache apike.